UZI: Vijidudu vya udongoni na ukame. Kabla hujanunua chupa ya "mikoriza", pita hapa kwanza

#1 Mzizi_Mrefu

Wakuu, habari za majukumu.

Vuli inakaribia na wauza chupa wameshaanza kupita vijijini. Natumiwa picha za lebo kila siku: "mikoriza asilia" (kuvu wa mizizini, nitamweleza chini), "vijidudu bilioni", "kinga ya ukame", na moja inadai kuondoa chumvi shambani ndani ya wiki. Swali ni lilelile: mkuu, hii kitu ni kweli au tunapigwa?

Kitu chenyewe ni kweli. Chupa nyingi ndizo za kutiliwa shaka. Shamba lako lina hivyo vijidudu tayari, isipokuwa sehemu chache ambako mwenzi wa zao, yaani kijidudu kinachoshirikiana na mizizi yake, hayupo, na hapo ndipo hela yako iende.

Naanza na palipo na ushahidi mzito: soya. Kunde, choroko na karanga hazisumbui, zinapatana na bakteria wa kienyeji waliojaa kwenye udongo wetu. Soya ni mgeni kutoka Asia ya Mashariki. Bakteria anayemtaka anaitwa Bradyrhizobium, wa kundi la raizobia, na kwenye shamba ambalo halijawahi kupandwa soya hayupo au yuko kiduchu. Ukimpaka kwenye mbegu siku ya kupanda, mizizi inaota vinundu, na humo ndani naitrojeni ya hewa (hewa ni asilimia 78 naitrojeni) inageuzwa kuwa chakula cha mmea. Soya yenye vinundu vizuri inaweza kunasa zaidi ya kilo 100 za naitrojeni kwa hekta. Kwa ekari ni kama kilo 40. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 tu. Brazili wanalima soya nchi nzima kwa mtindo huu, urea hawaigusi. Tahadhari moja: sehemu kubwa ya hiyo naitrojeni inaondoka na punje unazovuna, kwa hiyo anayetegemea mahindi ya mwakani yatakula bure apunguze matarajio.

Kukagua ni rahisi. Soya ikianza kutoa maua, chimba shina moja na bonge lake la udongo. Usivute, vinundu vitabaki ardhini. Loweka kwenye ndoo, osha taratibu, chukua kinundu upasue kwa ukucha. Ndani pakiwa na wekundu wa nyama, kazi inafanyika. Wekundu huo unatoka kwenye protini ambayo ni ndugu wa ile ya damu yetu. Kazi yake ni kuizuia oksijeni isiharibu kimeng'enya kinachonasa naitrojeni. Pakiwa peupe au kijani, hao wanakula kwako bure.

Kenya wana pakiti ya bakteria hao iitwayo Biofix, inatengenezwa na kampuni ya MEA kwa utaalamu uliotoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Hapa kwetu Tanzania, SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) walishatengeneza ya kwao, Nitrosua. Maharage ya kawaida nayo yana bakteria wake, ila majibu yake kwa pakiti ni ya kubahatisha, leo ndiyo kesho hapana. Sisemi zaidi hapo.

Sasa ukame. Anayehusika zaidi ni mikoriza, kuvu anayeishi nusu ndani ya mzizi, nusu nje. Jina lilitolewa mwaka 1885 na Mjerumani Albert Bernhard Frank. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi, zinapita kwenye vitundu vya udongo ambavyo mzizi haupenyi, zinaleta fosforasi na maji kidogo, mmea unazilipa sukari. Mahindi, mtama, mihogo, vitunguu, migomba, kahawa, tangawizi, manjano, mrehani, wote wanashirikiana naye. Kabichi, sukuma wiki, chainizi na mchicha hawana habari naye kabisa. Aliyekuuzia mikoriza ya kabichi kakuibia mchana kweupe.

Na jambo la kushika kuliko yote: huyu kuvu hawezi kukua bila mzizi ulio hai. Hachachuki na molasi kwenye pipa. Chupa yenye povu na harufu ya togwa inaweza kuwa na hamira na bakteria wa maziwa, na pengine ni nzuri kwa mboji yako, lakini kuzaliana kwa mikoriza humo hakupo.

Karibuni kwa maswali. Matusi pelekeni jukwaa la siasa.

#2 SijuiLolote

Natia kambi. Nasubiri wauza chupa waje.

#3 Babu wa Kilosa

Mwanangu umeeleza vizuri, ila mimi nina la kwangu. Nina shamba nililimwagia dawa ya magugu, likakaa tupu jeupe muda mrefu, mwaka uliofuata nikalipiga trekta mara mbili nikapanda mahindi. Yaliota, yakafika magotini, majani yakawa zambarau. Shamba la jirani yangu udongo ni mmoja, yeye alikuwa na kunde, mahindi yake kijani. Bwana shamba akasema nitie mbolea ya DAP. Nikatia, yakapona nusu nusu. Hiyo nayo ni hayo madude yako?

#4 Mzizi_Mrefu

Shikamoo babu. Inawezekana sana.

Zambarau ile kwenye mahindi machanga ni njaa ya fosforasi. Huwa inatokea pia udongo ukiwa wa baridi na maji yamezidi, kwa hiyo siwezi kukuapia. Lakini mazingira uliyoeleza yanajulikana. Kule Queensland, Australia, wakulima walikuwa wanaacha mashamba matupu msimu mzima ili yatunze maji, wakipanda mazao yanadumaa na kukosa fosforasi, wakati ukipima udongo fosforasi ipo. Watafiti wakakuta mikoriza imepungua kwa kukosa mizizi ya kula. Kwa jirani yako kunde zilikuwa zinailisha. Kwako ilishinda njaa.

Trekta nalo linakata mtandao wa nyuzi uliokwisha kutandazwa, na mche mpya unalazimika kuanza moja. Kwa DAP hivi: mmea ukishiba fosforasi ya mfukoni unapunguza kumlipa kuvu, na ukifanya hivyo kila mwaka kwa kipimo kikubwa unajikuta huwezi bila mfuko. Sikuambii uache mbolea. Weka kipimo cha bwana shamba, kwenye shimo, usimwage.

Kwako wewe babu sioni haja ya chupa yoyote. Panda kunde au mtama, acha masalia juu, shamba lisikae bila mzizi hai. Spora, yaani mbegu za kuvu, zitarudi zenyewe.

#5 Mama Viriba

Nimecheka hapo kwa kabichi.

Nina kitalu cha miche, nichangie. Sisi wa miche ndio tunaoua hawa wadudu wema kuliko mtu yeyote, kwa sababu tunachoma au kuchemsha udongo wa kitalu ili kuzuia kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche michanga. Kinyausi kinakufa, na mikoriza inakufa nayo. Mche unatoka mzuri kwa sababu unamwagiliwa kila siku, ukifika shambani mvua ikikata siku chache tu umelala.

Ninachofanya: nachukua udongo wa chini ya nyasi na miti ya asili, ule wa juu wenye mizizi mizizi, nachanganya na mchanga, najaza viriba. Napanda mtama na kunde pamoja. Nalea kama miezi mitatu minne, mbolea ya fosforasi sitii kabisa. Mwishoni naacha kumwagilia, vinakauka vyenyewe. Nakata majani, nabaki na udongo pamoja na mizizi, nakatakata vizuri. Kila kiriba kipya cha mche kinapata ngumi moja ya huo udongo, nauweka pale mzizi utakapopita. Hiyo ndiyo mikoriza yangu, gharama yake ni mtama wa kula kuku.

Ila usichukue udongo chini ya nyanya, bilinganya wala tangawizi iliyowahi kunyauka. Utabeba mnyauko na minyoo fundo ukapeleka kwa miche yote.

#6 Mzizi_Mrefu

Mama Viriba umemaliza. Hiyo ndiyo njia ile ile wanayotumia maabara kuzalisha spora, tofauti ni kwamba wao wanaanza na kuvu mmoja anayejulikana kwenye mchanga uliosafishwa.

#7 Mufindi_Baridi

Huku Sao Hill hilo ni la kawaida kwenye vitalu vya mipaini. Udongo wa chini ya mipaini mikubwa unachanganywa kwenye udongo wa viriba. Usipochanganya miche inakuwa ya njano na kudumaa.

#8 Mzizi_Mrefu

Safi. Paini naye ni mgeni kama soya, kuvu wake hakuwa kwenye udongo wetu, kwa hiyo lazima aletwe. Ila huyo ni wa kundi jingine, anafunika mzizi kwa nje na anatoa uyoga. Miti ya miombo nayo iko kundi hilo. Wale akina mama wanaouza uyoga wa njano barabarani msimu wa mvua, ule uyoga ni tunda la kuvu wa mizizi ya miombo. Ndiyo maana ukikata miombo kuchoma mkaa uyoga hauonekani tena, na ndiyo maana hakuna aliyefanikiwa kuulima ndani ya nyumba kama uyoga mamama.

#9 binti_upareni

Jamani mimi nipo Same milimani, tangawizi. Mvua zimekuwa za kuchezea akili, zinaanza zinakata. Hiyo njia ya mama Viriba naweza kutumia kwa tangawizi? Na mzee wangu ana mpunga bondeni, ardhi ina magadi, ikikauka inatoa weupe juu. Kuna mtu kamletea dawa ya vijidudu vya kula chumvi, bei ya mbuzi.

#10 Mama Viriba

Tangawizi inafaa, mwanangu, ila udongo wa kuanzia uutoe msituni au kwenye nyasi, usiutoe kwenye shamba la tangawizi. Weka kiganja chini ya kipande cha mbegu. Halafu matandazo mazito ya majani. Bila matandazo utakuwa unatwanga maji.

#11 Mzizi_Mrefu

Binti, kwa mzee: mwambie asinunue.

Hakuna kijidudu kinachokula chumvi ikaisha. Chumvi inaondoka kwa maji kupita chini na kutoka kwenye mfereji wa kutolea. Kwa ardhi ya magadi, ambako tatizo ni sodiamu imeshika udongo mpaka maji hayapenyi, kinachosaidia ni jasi. Kalisi ya jasi inaiondoa sodiamu, kisha maji yanaiosha. Na jasi inachimbwa Makanya, hapo hapo wilayani kwenu! Apime udongo kwanza. Wana maabara TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano kule Muheza, SUA wanayo pia.

Vijidudu vinasaidia mmea kuvumilia, ambalo ni jambo tofauti. Njia mbili zinafahamika vizuri. Mikoriza inausaidia mmea kushika potasiamu na kuipunguza sodiamu inayopanda majanini. Lakini mpunga uliozama majini mikoriza yake ni dhaifu, kwa hiyo kwa mzee haina uzito. Ya pili ni bakteria wanaopunguza ethilini. Mmea ukibanwa na chumvi, ukame au mafuriko unatengeneza ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi mlizofukia. Ikizidi, mzizi unasimama kukua, majani yanazeeka kabla ya wakati. Kuna bakteria kwenye mizizi wenye kimeng'enya kinachokula malighafi ya ethilini kabla haijawa gesi. Bernard Glick na wenzake wa Waterloo, Kanada, ndio walioeleza utaratibu huu mwaka 1998. Kwenye chungu cha maabara matokeo yanapendeza sana. Shambani bakteria uliyemleta anakutana na wenyeji waliokuwepo kabla yake, na mara nyingi wanammaliza. Hapo ndipo ahadi za chupa zinapovunjika.

#12 Daktari_wa_Majani

Naomba nipinge kidogo. Mimi ni mtu wa dawa za asili. Wazee wametufundisha mmea wa dawa usilelewe. Mrehani wa kwenye mawe una harufu kuliko wa bustanini. Artemisia (pakanga) iliyoteswa na jua ni chungu kuliko ya kumwagilia. Sasa ukiupa mmea vijidudu uache kuteseka, si utapata majani mengi yasiyo na dawa?

#13 Mzizi_Mrefu

Hili ndilo swali bora la uzi huu.

Wazee hawakukosea. Harufu na uchungu ni silaha za mmea, na mmea unatengeneza silaha ukiona hatari. Tatizo ni kwamba ukiteseka sana unapata dawa nyingi kwa gramu lakini gramu zenyewe chache. Mkulima anauza jumla.

Mikoriza ina tabia ya kushangaza hapa. Mmea unapomkaribisha kuvu kwenye mzizi, ulinzi wake unaamka kidogo, wakati huohuo mmea unapata fosforasi na maji. Kwa artemisia imepimwa. Dawa yake inakaa kwenye vitezi vidogo sana juu ya jani, vile vinavyonata kidole ukilisugua. Utafiti wa India uliochapishwa 2007 ulikuta mimea yenye mikoriza ina vitezi vingi zaidi kwa eneo la jani, na artemisinini, ndiyo dawa yenyewe, kwa gramu ilipanda, siyo majani tu. Kwa mrehani pia mafuta yameonekana kuongezeka, ila inategemea ni kuvu yupi. Kuvu mmoja anaongeza, mwingine hafanyi lolote.

Wapo na wanaotoka jangwani. Serendipita indica ilipatikana jangwa la Thar, Rajasthan, kwenye mizizi ya vichaka, kimojawapo ni prosopis, ule mti ambao Baringo wanauita mathenge na kuulaani. Ilielezwa kisayansi mwaka 1998. Hiyo si mikoriza ya kawaida, inakubali kukuzwa bila mmea, ndiyo maana watafiti wanaipenda. Shayiri iliyopewa hiyo ilivumilia chumvi na magonjwa vizuri zaidi.

Na kwa vile tumetaja artemisia, nisemalo hili lisipotoshwe. Mwaka 2020 Tanzania ilituma ndege Madagaska kufuata kinywaji chake kilichodaiwa kutibu Corona, tunakumbuka. Artemisinini ni dawa kweli, Tu Youyou wa China alipata Nobel 2015 kwa kuigundua. Lakini WHO haishauri chai ya majani kutibu malaria, kipimo hakitabiriki na vimelea vinaweza kuzoea dawa. Ukiwa na malaria nenda kapime, umeze dawa mseto. Mimi naongelea kilimo.

#14 Daktari_wa_Majani

Nimekuelewa. Kwa hiyo wazee wako sahihi na wewe uko sahihi. Sijazoea mijadala kuisha hivi humu.

#15 Kiduha_Hatari

Huku Kanda ya Ziwa tunalia na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama. Nimesoma mahali kwamba mikoriza ndiyo inayoita kiduha. Ni kweli? Maana kama ni kweli mnatuletea balaa.

#16 Mzizi_Mrefu

Kinyume chake, ila uliyemsoma alikuwa karibu.

Mahindi au mtama ukikosa fosforasi, mzizi unatoa kemikali ziitwazo strigolaktoni kumwita kuvu: njoo, nina njaa. Watafiti wa Japani walithibitisha mwaka 2005 kwamba ndizo zinazomfanya kuvu atawanye nyuzi kuelekea mzizi. Mbegu ya kiduha, ambayo inaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10, inadukua wito huo. Ikisikia, inaota na kujichomeka kwenye mzizi. Anayeita ni mmea wenye njaa. Ndiyo maana kiduha kinashamiri kwenye ardhi iliyochoka. Mmea ukipata fosforasi, kwa mbolea au kwa mikoriza iliyowahi kuungana nao, wito unapungua.

Kwako: samadi, fosforasi kidogo shimoni, zungusha na soya au kunde (kuna aina zinazoifanya mbegu ya kiduha iote ikafa kwa kukosa pa kushika), na desmodium (mmea wa jamii ya kunde) katikati ya mistari kama ICIPE, watafiti wa wadudu, wanavyofundisha kutoka kituo chao cha Mbita, Kenya.

#17 AgroMaajabu

Mnaharibia watu biashara kwa wivu. Bidhaa yetu ina mikoriza, raizobia, trikoderma na azospirilamu vyote ndani ya chupa moja na wateja wanashuhudia. Mzizi_Mrefu umewahi kuitumia? Kama hujatumia nyamaza.

#18 SijuiLolote

Nilisema. 😂

#19 Mzizi_Mrefu

Karibu mkuu, hakuna wivu. Tujibu hapa hapa hadharani: aina gani hasa ya kila kiumbe, wangapi walio hai kwa mililita, mpaka tarehe ipi, imehifadhiwa kwenye joto gani, na namba ya usajili. Trikoderma ni kuvu anayeshambulia kuvu wengine, kwenye kinyausi anafanya kazi nzuri, namkubali. Lakini kumweka chupa moja na wengine wote hao muda mrefu kwenye joto la dukani, naomba kuona vipimo vya maabara na siyo picha ya mteja ameshika muhogo.

Mradi wa utafiti wa COMPRO ulipima bidhaa za namna hii Kenya, Ethiopia na Nigeria, za vijidudu na za kemikali. Zilizoonyesha faida ya kweli shambani zilikuwa chache, na kwenye nyingine kilichoandikwa kwenye lebo hakikukutwa ndani. Raizobia za soya ndizo zilizosimama.

Kwa wengine: kama umeshainunua, usiimwage. Mistari kadhaa weka, kadhaa usiweke, zikipishana, mbegu moja, mbolea moja, siku moja. Vuna kila upande peke yake upime kwa mzani. Shamba zima ukiliwekea utasifu chupa kwa kazi ya mvua.

#20 Mwanachuo_Moro

Naongezea kwa wanaopenda kuona kwa macho. Mikoriza kwa macho matupu haionekani, lakini shule yenye hadubini inatosha. Mizizi myembamba unaichemsha kwenye magadi makali ya maabara (potasiamu haidroksaidi) mpaka ing'ae, unaosha, kisha unaichemsha kidogo kwenye siki iliyotiwa wino wa kalamu. Kuvu anashika rangi, mzizi unabaki mweupe. Ukiona vijiti vimetawanyika matawi ndani ya seli, ndiyo yenyewe. Vaeni glavu, ile dawa inaunguza.

#21 Mbeya_Mpya

Mkuu nimeng'oa maharage nimekuta mavimbe kwenye mizizi nikafurahi, kumbe mwingine ananiambia ni ugonjwa. Natofautishaje?

#22 Mama Viriba

Sukuma kwa kidole. Kinundu kimebandikwa pembeni ya mzizi, kinabanduka kirahisi. Ya minyoo fundo ni mzizi wenyewe umevimba, haibanduki mpaka uuvunje. Kama ni hiyo, msimu ujao usirudishe maharage hapo.

#23 Ruvuma_Soya

Mimi nataka pakiti ya soya, nitanunua Morogoro nisafiri nayo kwa basi mpaka Songea. Itafika hai? Na mbegu nilizonazo zimepakwa dawa nyekundu dukani.

#24 Mzizi_Mrefu

Mbegu nyekundu tatizo. Dawa nyingi za fangasi, hasa zenye shaba, zinaua raizobia. Tafuta mbegu isiyopakwa.

Safari itafika, ila hao ni viumbe hai, joto na jua vinawaua. Funga pakiti kwenye gazeti, weka kwenye begi unalokaa nalo. Usiitie kwenye buti la basi, na konda akikuambia ataiweka mbele kwenye dashibodi kataa. Ukifika, iweke sehemu ya baridi na giza mpaka siku ya kupanda. Ikifunguliwa itumike siku hiyohiyo. Paka mbegu kivulini, kwa maji yenye sukari kidogo au gundi inayokuja na pakiti, kipimo kama kilivyoandikwa. Panda ndani ya saa chache kwenye udongo wenye unyevu, fukia palepale. Na weka fosforasi, Minjingu au TSP, kwa sababu vinundu bila fosforasi havifanyi kitu. Urea usiweke, soya ikipata naitrojeni ya bure haihangaiki kuota vinundu.

Ikitoa maua, chimba shina, pasua kinundu, tupia picha humu.